Msiwaambie "Akikua Mlete"

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kuhusu watoto wanaozaliwa bila jicho, mbele ya wakunga, wahudumu wa afya wa vijiji na wazazi, katika ukumbi wa parokia hapa Mwanza. Wenzetu wa visiwani hawakufika kwa sababu ziwa lilichafuka, wakaomba waletewe maneno yote. Nayaweka kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuwa nyingi, na moja ilitokea kichwa chini.

Mwangaluka!

Aa, hiyo ni sauti ya watu ambao chai haijawafikia. Mwangaluka!

Sasa nimesikia. Wabeja.

Mama zangu wakunga, dada na kaka zangu wahudumu wa afya, wazee wangu, wazazi mliokuja na watoto, na wewe baba uliyesimama hapo mlangoni kama mtu anayesubiri daladala: ingia, viti vipo. Leo akina baba tunawahitaji kuliko siku nyingine, na nitasema kwa nini.

Mwenyekiti amenitambulisha kama daktari. Hicho ni kilemba cha ukoka, nakivua mapema. Mimi ni fundi. Nilisomea kutengeneza meno ya bandia, na kwa miaka mingi wateja wangu walikuwa mabibi na mababu wanaotaka kutafuna karanga tena kabla hawajafa. Siku moja daktari wa macho akaja karakanani kwangu, nyuma yake mama na mtoto mgongoni. Akaniuliza, "Wewe unayetengeneza jino, huwezi kutengeneza jicho?" Nikacheka. Nilijua ananitania.

Kumbe swali lake ni la zamani. Macho ya bandia yalikuwa ya kioo, na mafundi wake mashuhuri walikuwa Wajerumani wa mji mdogo uitwao Lauscha, ambako Ludwig Müller-Uri alianza kazi hiyo mwaka 1835. Vilipokuja Vita vya Pili vya Dunia, kioo cha Ujerumani hakikufika tena Marekani, na askari wanarudi vitani bila macho. Walioitwa ni mafundi wa meno wa jeshi. Wakachukua akriliki, plastiki ileile ya kutengenezea ufizi wa bandia, wakafinyanga macho. Kwa hiyo nilipoacha kucheka, nilikuwa nimeshapata kazi mpya.

Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile alizaliwa bila jicho la kulia. Si kwamba liliumia, wala halikutolewa. Halikuwapo. Chini ya kope palikuwa na utando laini wa waridi, basi. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu, na sikuwa najua kwamba mtu anaweza kuzaliwa hivyo. Wangapi humu ndani mlikuwa hamjui? Nyosheni mikono, hakuna anayeandika majina.

Mnaona. Ni nusu ya ukumbi, na humu tumejaa watu wa afya.

Ni jambo la nadra, sikatai. Takwimu zinazotajwa sana, nyingi za kutoka Ulaya, zinasema katika watoto 100,000 wanaozaliwa, kama 3 hukosa jicho kabisa, na kama 14 huzaliwa na jicho dogo mno, jicho lililoishia njiani. Wengine wanahesabu zaidi. Sasa Tanzania tunazaa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ikiwa kwetu ni kama kwao, fanyeni hesabu wenyewe, halafu mjiulize: watoto hao wako wapi? Kliniki hatuwaoni. Shuleni hatuwaoni. Wako wapi?

Nitawaambia alikokuwa mmoja wao.

Alikuwa Ukerewe. Mama yake alifika kwangu asubuhi akiwa ametoka na kivuko, viatu mkononi, mtoto wa miaka sita pembeni. Mvulana mchangamfu, lakini anaongea akiwa amegeuza shingo, upande wa kushoto umeelekea ukutani. Hata kabla mama hajakaa alitoa mfuko wa nailoni uliowahi kuwa na sukari, akautandua mkunjo kwa mkunjo, akaniwekea mezani kadi ya kliniki. Kadi safi, haina hata doa la mafuta. Na kwenye ukurasa wa wiki ya sita palikuwa na maneno ya kalamu ya buluu, mwandiko mzuri kabisa: "Jicho la kushoto halipo. Aje akikua."

Akasema, "Amekua. Nimemleta."

Ndugu zangu, niliishiwa maneno. Kope za kushoto zilikuwa zimefunguka upana wa punje ya hindi. Kipanuzi changu kidogo kuliko vyote, kile kidude cha kupanulia tundu la jicho, hakikuingia. Mfupa wa shavu upande ule ulikuwa umebaki nyuma, hata pua ilianza kuuinamia. Ukimtazama usoni unaona kama nyuso mbili za umri tofauti zimeunganishwa katikati. Kazi ambayo akiwa na wiki sita ningeifanya kwa kipande cha plastiki kama dengu, sasa ilitaka kisu. Ilibidi aende kwa daktari bingwa, apasuliwe, achukuliwe ngozi na mafuta ya paja yapandikizwe kwenye tundu la jicho ili lipate nafasi. Na hata baada ya yote hayo, uso haukurudi kuwa ule ambao ungekuwa.

Nani alimkosea mtoto yule? Mama? Mama alitii! Kadi ilisema aje akikua, akasubiri akue. Mganga? Hakwenda kwa mganga. Umaskini? Nauli aliipata. Ile ni kalamu ya buluu. Ni mwenzetu mmoja, katika kituo ambacho sitakitaja, tena nina hakika alikuwa mtu mwema, aliyeona jambo asilolijua akaandika neno la kumtuliza mzazi.

Na kabla hamjamhukumu, mnihukumu mimi kwanza. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii alikuja baba mmoja kutoka upande wa Magu na mtoto wa miezi miwili. Akriliki ilikuwa imeniishia, meno ya watu yamejaa mezani. Nikamwambia, "Mzee, rudi baada ya mavuno." Mavuno yamepita mara nyingi tangu siku ile. Hakurudi. Kila nikimwona mtu mwenye kofia kama yake pale stendi ya Buzuruga, moyo unashtuka.

Kwa hiyo ninaposema msiwaambie wazazi "akikua mlete", sisemi kama msafi.

Sasa kwa nini haraka? Mtu atauliza, jicho si halipo, unawahi nini? Hili ndilo nimekuja kulisema, na kama utasinzia kwa mengine yote, hapa fumbua macho.

Kina mama, mnakumbuka mlivyotobolewa masikio? Sindano na uzi, kelele kidogo, halafu bibi akakuwekea kijiti cha ufagio. Kijiti cha ufagio kilikuwa cha nini? Pambo? Hapana. Kilikuwa cha kuliambia tundu, "Usizibe." Na wanaotaka tundu kubwa wanafanyaje? Wanatoa kijiti chembamba, wanaweka kinene kidogo, wiki ijayo kinene zaidi. Hakuna anayechukua hereni nene ya bibi akaisukuma kwenye sikio la mtoto siku moja. Mwili unakubali kupanuka kwa kubembelezwa.

Tundu la jicho ni hivyohivyo, isipokuwa hapa tunabembeleza mfupa. Jicho la mtoto mchanga lina upana wa milimita 17 hivi. La mtu mzima ni kama 24. Sehemu kubwa ya safari hiyo inakwenda katika miaka miwili mitatu ya mwanzo, na jicho linapokua linasukuma: mfupa unaondoka njiani, kope zinarefuka, shavu linajaa. Jicho ndilo msimamizi wa ujenzi wa uso. Sasa asipokuwapo msimamizi, mafundi wanafanya nini? Mnawajua mafundi. Wanakaa.

Basi kazi yetu ni kuweka msimamizi wa muda. Ni kidude cha plastiki, laini, kimeng'arishwa hadi hakikwaruzi, tunakiita kipanuzi. Cha kwanza ni kama dengu. Mwanzoni tunabadilisha kila wiki moja au mbili, baadaye kila mwezi: dengu, kunde, harage dogo, harage kubwa. Haumwi. Analia kidogo kama anavyolia akinawishwa uso, kisha ananyonya na kulala. Zipo hospitali nchi za mbali zinazoweka kitu kingine kikavu, kikishakaa mle ndani kinafyonza majimaji ya mwili na kuvimba polepole, kama maharage uliyoloweka usiku. Ni kizuri, lakini sikisubiri. Plastiki yangu ninayo leo.

Lakini saa ya mfupa ilianza kwenda siku mtoto alipozaliwa. Haingoji mavuno, haingoji ada, haingoji baba arudi kutoka machimboni Geita. Ukimleta ana wiki tatu, tunatembea pamoja na mfupa. Ukimleta ana mwaka, tunaukimbiza. Ukimleta ana miaka sita, umeshafika nyumbani na umefunga mlango.

Nihame hapo. Naona bibi mmoja pale mbele ananitazama kwa jicho la kuuliza, na swali lake nalijua.

"Litaona?"

Bibi mmoja wa Nyakato aliniuliza hivyo huku ameshika mkono wa mjukuu wake. Nikamjibu, "Hapana bibi, halitaona." Akasema, "Sasa la nini?" Sikukasirika, ni swali halali. Nikamuuliza, "Bibi, meno hayo mdomoni mwako nilikutengenezea mimi. Yanaumwa? Yanasikia baridi?" Akasema hayasikii kitu. "Ukiyatoa mashavu yanakuwaje?" Akacheka huku amejifunika mdomo kwa kanga, akasema, "Yanaanguka kama mfuko mtupu." Akaelewa. Mjukuu wake alifungwa kipanuzi siku ileile.

Lakini naomba tuwe wakweli kwa wazazi. Wakweli tangu dakika ya kwanza. Nimeona watu wamezunguka na mtoto hospitali nne kwa sababu kila mahali waliambiwa neno la kutia moyo badala ya neno la kweli. Jicho la bandia halioni. Hakuna upandikizaji wa jicho zima unaorudisha kuona. Anayekuuzia dawa ya kuotesha jicho, awe na kibuyu au awe na koti jeupe, anakuibia.

Hata hivyo, ukweli una upande wa pili, na hapa ndipo madaktari wanapotupita sisi mafundi. Wako watoto ambao tunadhani hawana jicho, kumbe lipo, dogo sana, limejificha nyuma. Na dogo si lazima liwe pofu. Nilimpata mtoto mmoja wa Kirumba, nyumbani kwao karibu kabisa na soko la samaki la Mwaloni, unasikia harufu ya dagaa kabla hujaona mlango. Alikuwa na wiki tatu. Nilikuwa nimeshaandaa kipanuzi cha rangi nyeupe. Mama yake akasema, "Fundi, huyu nikimgeuzia dirishani upande huo anakunja uso." Nikasema, labda ni joto la jua. Mama akasema, "Hata tochi ya simu." Tukampeleka kwa daktari akapimwa kwa utrasaundi, ileile ya kuangalia mimba. Jicho lilikuwapo, chini ya nusu ya kawaida, na mwanga lilikuwa linauona! Basi yule tulimwekea kipanuzi kinachopitisha mwanga kama kioo, ili mfupa ukue na kile kidogo alichopewa na Mungu asinyimwe na fundi. Nilikuwa karibu nimfungie dirisha. Aliyemwokoa ni mama yake, ambaye kazi yake ni kuanika dagaa.

Ndiyo maana nawaomba: mtoto asije kwangu moja kwa moja. Apite kwa daktari wa macho kwanza. Bugando wapo, Moshi pale KCMC wapo, Dar es Salaam CCBRT wapo. Daktari ataangalia jicho la ugonjwa, na ataangalia jicho zima vilevile, maana mara nyingine hilo tunaloliita zima nalo lina kasoro ndani. Tena kwa baadhi ya watoto hawa, jicho lililokosekana ni mlango tu wa mengine: figo, moyo, masikio, tezi iliyo chini ya ubongo. Wanatakiwa wapimwe mwili mzima.

Sasa jambo ambalo nilitaka kulikwepa, lakini niko Usukumani na ninyi ni watu wazima.

Kwa nini imetokea? Mzazi hatoki mlangoni bila kuuliza. Nimesikia majibu mengi. Mama alimcheka mtu mwenye chongo akiwa mjamzito. Alitoka nje mwezi ulipopatwa. Mama mkwe ana kijicho. Nimemwona baba aliyemwacha mke wodini kwa neno moja tu: "Kwetu hakuna kitu kama hicho."

Jicho linajengwa mapema mno. Mwezi wa pili wa mimba haujaisha, umbo lake limeshapatikana. Wengi wenu wakati huo mlikuwa hata hamjajua kama mna mimba, mnadhani ni malaria. Mara nyingine sababu ni maelekezo ya urithi yaliyokosewa herufi. Iko jeni iitwayo SOX2, ikiharibika, macho hayajengeki, na inaweza kuharibika kwa mtoto bila baba wala mama kuwa nayo. Mara nyingine ni maradhi ya mama katika ujauzito, kama rubela, ndiyo maana chanjo ya surua na rubela iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2014 si ya kukosa, miezi tisa na miezi kumi na minane. Pombe nayo katika mimba tunaikataza. Na mara nyingi, ndugu zangu, mara nyingi kabisa, sababu haipatikani. Daktari anatafuta, hapati. Na baba ambaye "kwao hakuna" naye anaweza kuwa ndiye aliyekuja nayo bila kujua. Ndiyo maana nikasema baba aingie akae.

Ukanda wetu huu na Shinyanga tunajua macho yamewahi kugharimu nini. Bibi zetu waliuawa kwa kuwa na macho mekundu, na wekundu ulikuwa moshi wa jikoni, miaka hamsini ya kupuliza moto. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo. Kwa hiyo mama wa kijijini anapomfunika mtoto wake kitenge hadi usoni, msimcheke wala msimkaripie. Anaogopa kitu ambacho kipo. Funga mlango, kaa naye, ndipo umwambie afunue.

Kuna wengine hawafichi kwa hofu. Wanaficha kwa mapenzi. Wahenga walisema ukipenda, chongo utaita kengeza. Tunausema kwa kucheka, lakini mimi siku hizi methali hiyo inanitia simanzi, kwa sababu nimeiona ikifanya kazi. Bibi anampakata mjukuu, anasema, "Jicho limelala, litaamka." Shangazi anasema, "Hata baba yake alichelewa kufumbua." Familia nzima inakubaliana kuita kengeza, kwa upendo mtupu, na mfupa unaendelea kusinyaa. Mapenzi yale siyalaumu. Nayaomba tu yapande gari.

Mnaniruhusu niseme kidogo kuhusu jicho lenyewe? Hapa ndipo ninapofurahia, nikizidisha mwenyekiti agonge meza.

Kipanuzi kikishafanya kazi yake, tunafika kwenye jicho la rangi. Nachanganya unga uleule wa kuchukulia alama za meno, unatokana na mwani, nauingiza ukiwa uji mzito, unaganda kwa muda wa kusema Baba Yetu taratibu mara tano. Napata umbo la ndani. Nalichonga kwa nta, namvisha mtoto, nasogea hatua mbili, natazama: kope zimelingana? Nachonga tena. Kisha kalibu ya jasi, kisha akriliki, kisha inachemshwa kwenye maji mpaka iwe ngumu.

La kwanza nililotengeneza nililiona zuri kuliko yote duniani. Nikamvisha yule mtoto wa mgongoni, nikasubiri mama yake apige vigelegele. Akatazama. Akatazama tena. Akasema, "Fundi, hili ni jicho la mzungu." Na lilikuwa hivyo! Nilikuwa nimefuata rangi za kwenye katalogi, weupe kama sahani ya bati. Tazameni macho ya jirani yako sasa hivi. Geukeni, msione haya. Weupe wetu una kahawia ndani yake, una unjano kidogo pembeni, una wingu. Tangu siku hiyo namtoa mtoto nje, chini ya mwembe, nachanganya rangi kwenye mwanga wa jua, na mama yake ndiye anayesema basi. Mishipa naitengeneza kwa nyuzi nyekundu za hariri, nazichambua mpaka ziwe nyembamba kuliko nywele, nazilaza moja moja. Juu yake akriliki nyingine inayopitisha mwanga, kisha nang'arisha mpaka mkono ufe ganzi.

Na jicho hilo si la milele. Mtoto anakua, tunaongeza au tunatengeneza jipya. Linaoshwa kwa sabuni laini na maji safi yaliyochemshwa yakapoa. Si maji ya ziwani, tafadhali, na si spiriti! Spiriti inapasua akriliki. Na halitolewi kila jioni kama meno ya babu. Kadiri unavyolichokoa ndivyo unavyolikwaruza.

Niwasimulie la rede. Ninaye binti mmoja wa darasa la nne, mchezaji hatari. Mpira ulimpiga usoni, jicho likadondoka vumbini. Uwanja mzima kimya. Watoto wengine wanajiandaa kukimbia. Rafiki yake akaliokota, akakimbilia bombani, akalisuuza, akamrudishia kiganjani, akasema, "Weka haraka, bado tuko wawili." Wakaendelea kucheza! Jumatatu akaja kwangu, limechubuka, nikalisugua. Nikamuuliza kama watoto walimcheka. Akanishangaa. Akasema, "Tulishinda."

Lakini yule binti nilimkaripia kwa jambo moja. Hakuwa na miwani. Mtoto mwenye jicho moja linaloona avae miwani ya kinga, yenye lensi ngumu isiyovunjika, hata kama jicho hilo linaona mpaka kisiwa cha Saanane. Wewe na mimi tukichomwa na mwiba wa mchongoma tunabaki na akiba. Yeye hana. Manati, vijiti, ndoano za uvuvi, vyote hivyo kwetu vipo mlangoni.

Na watoto waliokosa macho yote mawili? Vipanuzi wanawekwa vilevile, kwa uso uleule. Ila wao wanahitaji kingine mapema zaidi: waongeleshwe, washikishwe vitu, watambazwe. Nimekutana na mtoto wa miaka mitatu hajui kutembea kwa sababu alibebwa mgongoni tangu azaliwe. Miguu yake ilikuwa mizima. Shule zinazopokea wasioona tunazo mkoani kwetu, kule Misungwi pale Mitindo mnapajua. Mtoto aandaliwe kwenda.

Na neno moja la dharura kabla sijashuka. Mkiona mtoto ambaye jicho lipo, lakini katikati ya mboni panang'aa weupe kama jicho la paka usiku, hata kama ni kwenye picha ya simu tu, hapo msizungumzie uso wala kipanuzi. Hiyo inaweza kuwa saratani ya jicho. Ahame siku hiyohiyo kwenda kwa daktari. Hospitali inaweza kulitoa jicho ili mtoto abaki, na likitolewa, jicho la bandia nitalitengeneza mimi. Mtoto siwezi kumtengeneza.

Sasa wakunga. Ninyi ndio wa kwanza. Mnahesabu vidole, mnaangalia kinywa, mnapima uzito, mnafunga kitovu. Macho mnapaka dawa juu ya kope zilizofumba, mnamfunika. Naelewa, leba imejaa, mmoja anajifungua na wawili wanaita. Ila kufungua kope mbili ni kazi ya pumzi tatu. Kidole gumba juu, cha shahada chini, unafungua bila kuminya, unamulika kwa pembeni. Unatafuta duara jeusi, upande huu na upande huu. Ukikosa, andika. Na mkiandika, mwandike kwa kalamu ya rangi yoyote mnayotaka: "Apelekwe kwa daktari wa macho wiki hii."

Mwenyekiti amegonga meza. Namaliza.

Pale mlangoni kuna meza. Juu yake kuna kopo la vipanuzi, kuanzia dengu hadi harage kubwa; vishikeni, vigeuzeni, msivitie mfukoni maana nimevihesabu. Kando yake kuna vitochi vidogo, kila zahanati iliyoleta mtu ichukue kimoja. Na yupo mama wa kutoka Igombe ambaye amekubali mumwone mwanawe. Ana wiki tano, tumembadilishia kipanuzi asubuhi hii, cha tatu. Ndoo ya maji na sabuni ipo, tuanze kunawa kuanzia mstari huu wa mbele, watatu watatu. Amelala. Msimwamshe mpaka mama yake aseme.